Jumamosi Ishirini na Tatu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na visingizio nitajikosha mpaka mwisho. Dada yangu alipopoteza macho, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea meseji zake, na ziko ambazo sikumsomea. Nilizijibu mwenyewe kwa jina lake, nikamrudishia simu mkononi, nikamwambia, "Leo hamna kitu, Dada." Nilifanya hivyo kwa zaidi ya miezi mitano. Na kazi yangu ni fundi wa simu.

Hilo la mwisho ndilo linalonichoma zaidi. Ndani ya kila simu ya siku hizi imo sauti ya kumsomea asiyeona kila anachokigusa kwenye skrini. Huinunui wala huipakui popote. Unaiwasha tu, dakika moja, mbili ukiwa mzembe. Wateja wenye macho yao mazima huiwasha kwa bahati mbaya, kisha wananijia mbio: "Fundi, simu yangu imepagawa, inaongea!" Naizima huku nacheka. Duka langu liko mbele na chumba cha dada kiko nyuma yake, tumetenganishwa na ukuta mmoja. Yake sikuiwasha.

Dada alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita katika karakana ya sare za wauguzi, mtaa wa pili, ng'ambo ya barabara kubwa. Walikuwa wanne. Mkubwa wao anaitwa Mama Vifungo, kwa sababu akiona kifungo kimelegea atakuvua shati akikaze, awe anakujua au hakujui. Presha ya macho ilimla dada polepole, kwanza pembeni, kisha katikati. Siku aliyoshonea mkono wa gauni kwenye kola, aliuweka mkasi mezani, akarudi nyumbani, akasema basi.

Wiki tatu baadaye ikaingia meseji ya Mama Vifungo. "Shoga, Jumamosi tunamalizia oda. Njoo ukae nasi. Kazi ya vifungo ipo, hiyo ni ya vidole. Kiti chako hatujakikalia. Ukitaka tutakuja kukuchukua."

Niliisoma kimya. Dada alikuwa ameketi kitandani, kainamisha shingo upande mmoja kama anavyofanya akisikiliza.

"Nani huyo?"

"Matangazo tu. Hawa watu hawachoki."

Nikatoka nje na simu, nikaandika: "Leo sijisikii vizuri. Msije. Nitawaambia nikipata nafuu." Nikatuma.

Nilijiambia ni kwa ajili ya duka, kwamba Jumamosi ndiyo siku yangu ya wateja na siwezi kumpeleka mtu huku na huku. Lakini wenzake walisema watakuja wenyewe, kwa hiyo kisingizio hicho hakisimami hata kwa mguu mmoja. Nikajiambia ni ile barabara. Kweli niliiogopa, magari pale hayamjali hata mwenye macho manne. Ila chini ya woga huo palikuwa na jambo jingine. Dada ndiye aliyenilea, aliyenisugua masikio mpaka nikalia, na sasa alikuwa akinisubiri mimi nije nimwambie dunia imeamkaje. Akisikia ndala zangu uso ulimfunguka. Nililipenda hilo. Naona haya kuliandika, lakini nililipenda, na sikutaka kugawana na mtu.

Basi Jumamosi iliyofuata nikaandika tena, na nyingine tena. Namba zao nikazinyamazisha zisiite. Dada akiniomba, "Hebu nipigie Mama Vifungo," nilikaa kidogo nikamwambia hapatikani. Mara moja walikuja wenyewe wote watatu. Hakuna anayefika kwa dada bila kupita dukani kwangu, nikawaambia amelala. Alikuwa macho, nyuma ya ukuta, anageuzageuza redio yake ndogo akitafuta kituo. Wakaacha kopo la vifungo vya kuchagua, wakasema akipenda avitie mikononi kupoteza wakati. Nililificha chini ya meza ya kazi, nikalirundikia chaja mbovu juu yake.

Kuna siku wakati wa chakula cha mchana alisema, bila hasira, "Wamenisahau wale. Siwalaumu, na wao wana kazi zao." Kisha akaomba maji. Nilimletea, nikageuza uso pembeni, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba haoni. Ndiyo, nilishukuru.

Na mtu niliyemtenda hivyo ni yupi? Mama yetu hakujua kusoma. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alimpelekea barua kwamba nimetoroka shule siku nane. Dada ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba. Nilimfuata uani nikampigia magoti: ruka hapo tu, Dada, pale palipoandikwa siku nane. Akanitazama. "Imeandikwa kwa mama," akasema, "si kwangu." Akaisoma yote, hadi tarehe na sahihi, na fimbo ilipoletwa akasimama katikati na kula mbili zilizokuwa zangu. Nilikumbuka hilo mara nyingi katika miezi ile, na bado Jumamosi ikifika nilijitia hamnazo.

Aliyenikwamisha ni mteja. Aliingia asubuhi moja akigonga kizingiti kwa fimbo nyeupe, mwanamume mpana wa mabega, mkandaji katika hospitali, wale wanaonyoosha viungo vya wagonjwa.

"Fundi," akasema, "simu yangu imekuwa bubu, na mimi ni kipofu. Mmoja wetu lazima apone."

Ilikuwa spika tu. Nilipoibadilisha, sauti ikaanza kumiminika kwa kasi ambayo sikupata hata neno moja. Yeye alitikisa kichwa, akacheka, akajibu meseji ya mkewe, akaangalia saa, akarudi kwenye kitabu alichokuwa akisikiliza, yote hayo nikiwa bado natafuta bisibisi. Nikaropoka, sijui kwa nini, "Dada yangu naye haoni."

"Ahaa! Na yeye umemwekea kasi gani?"

"Bado... hatumii."

Akakisimamisha kitabu. "Kaka, wewe si fundi wa simu?"

"Ndiyo."

"Na dada yako yuko wapi?"

"Hapo nyuma."

Akageuza uso kuelekea ukutani, kule redio ilikokuwa inakoroma. Hakunisema. Alisema tu kwamba Alhamisi hana zamu, atakuja kumfundisha mwenyewe, na dada alikuwa amekwisha kusikia kupitia ukuta huo huo, akaitikia kwa sauti kubwa, "Karibu sana!"

Nikabaki na siku mbili. Siku sauti ile itakapowaka itamsomea kila kitu kilichomo, cha leo na cha tangu mwanzo, na haitaruka mahali. Jumatano dada alipoingia kuoga nilikaa kitandani kwake na simu yake, nia yangu kufuta mazungumzo yote. Kidole kilikuwa pale pale. Lakini katikati ya maandishi walikuwa wametuma pia sauti, kumi na moja, na nilikuwa sijafungua hata moja. Nikafungua. Vyerehani vilikuwa vikienda, mtu anakohoa, halafu Mama Vifungo: "Shoga, tumeona kusomewa kunakuchosha, basi sikiliza. Hii mashine yako bado inalia upande wa kushoto." Wakaiacha iendelee kulia karibu dakika nzima.

Sikuweza kufuta hizo. Nilifuta za kwangu, majibu yote ishirini na tatu, moja baada ya moja. Woga ule hata akili hauna: mimi ni fundi, najua kwamba ukifuta meseji ya zamani kwako, kwa mwenzako inabaki vile vile. Nilifuta hivyo hivyo. Maji ya kuoga yakakatika, nikairudisha simu mahali pake.

Alhamisi mkandaji alikuja, akaketi naye saa tatu nzima. Sauti ile inasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, na mara ya kwanza ilipotamka jina la dada alicheka hadi akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu aweke mkasi mezani. Alijifunza kugusa mara moja ili asikie na mara mbili ili afungue. Alijifunza kuiambia simu maneno nayo ikaandika. Mkandaji akamwingiza katika kundi la wasikilizaji wenzake, watu wasioona wa sehemu mbalimbali, wanaosikiliza sura moja ya kitabu kila siku kisha wanagombana kwa sauti kuhusu nani mjinga katika hadithi. Siku ya pili tu dada alikuwa amekwisha kumwambia mtu asiyemjua, "Wewe hiyo sura umeisikiliza ukiwa umelala." Nilimsikia kupitia ukutani nikafurahi. Kisha nikakumbuka na furaha ikanitoka.

Nilingoja. Ijumaa hakusema kitu, wala wiki iliyofuata. Tulikula pamoja mchana kama kawaida, sikio moja lina hedifoni, jingine amenibakishia mimi. Siku ya Jumanne alikula kidogo sana. Jumatano aliniuliza, "Lile kopo la vifungo liko wapi?" Nikalitoa chini ya meza, nikalipangusa vumbi, nikamwekea mapajani. Akaingiza vidole ndani, akavizungusha. Nilifungua mdomo niseme yote, na mteja akaita dukani, nami nikaenda. Ningeweza kumwambia yule mteja asubiri.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuchukua vipuri. Niliporudi chumba cha dada kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, kwa nje. Sikuwahi kukiona hivyo. Nikaacha duka wazi, nikakimbia hadi barabara kubwa, nikaangalia chini, lami yote, huku nikiomba nisione ninachokitafuta. Sikuona kitu. Nikavuka.

Mlangoni mwa karakana nilisikia cheko lake kabla sijamwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, makopo manne mbele yake, anatenga vifungo kwa ukubwa, vidole vinakwenda haraka kuliko macho yangu. Nilipoingia vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Mama Vifungo alinitazama juu ya miwani, kisha akatazama shati langu, na safari hii kifungo kilicholegea akakiacha.

Dada aliinamisha shingo upande mmoja. Ndala zangu anazijua. Hakunigeukia. Alishusha mkono kwenye simu iliyokuwa mapajani, akagusa, akasikiliza, akagusa mara mbili, akarudi kwenye vifungo vyake.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

"Leo sijisikii vizuri. Msije. Nitawaambia nikipata nafuu."

Ilikuwa yangu, hata nukta zilikuwa pale nilipoziweka. Mama Vifungo alikuwa amemrudishia zote. Nilisimama na maneno yangu mkononi, watu wanne wakingoja nitoke, nikatoka.

Jumapili nilimpigia magoti, kama siku ya ile barua. "Dada, nisamehe. Nilikuwa..."

"Nimesikia," akasema. Akanimiminia chai, haikumwagika hata tone, akanihadithia ile sura ya kitabu na jinsi wenzake walivyokosea. Tangu hapo siku za kazi tuko kama zamani, labda na vicheko zaidi, kwa kuwa ana habari nyingi kunizidi na sasa yeye ndiye anayeniambia dunia imeamkaje. Lakini kila Jumamosi asubuhi, kabla Mama Vifungo hajaja kumchukua, namwandikia: "Dada, naomba leo nikuvushe mimi barabara." Na kila Jumamosi ananijibu.

Jumamosi ya pili nilidhani anarudia ile ile. Ya tatu nikaelewa: ananitumia kwa mpangilio ule ule nilioziandikia. Ya sita ilisema kichwa kinauma. Ya nane ilisema nimelala vibaya, msinipigie, nami nilikumbuka mahali nilipokuwa nimesimama nilipoibuni, mlangoni, nikila karanga. Sijui zikiisha ishirini na tatu itakuwaje. Sijathubutu kuuliza. Ninachojua ni kwamba dada hakosei hesabu ya vifungo.

Leo imekuja ya tisa. Ya kumi nilikwisha kuifuta kwenye simu yake, lakini kichwani haijatoka, na wiki nzima hii nitaishi nikiisubiri. Niliandika: "Msihangaike nami. Mdogo wangu ndiye macho yangu."