Matuta ya Basil

Kalista alianza kuchuja pombe ya ulezi kabla hakujapambazuka, mikono imemlowa hadi viwikoni, sikio liko njiani. Pombe ilikuwa imeiva vizuri, pombe ya kuita watu shambani. Lakini ni ya leo hiyo. Kesho ingechacha, na wa kuinywa wangekuwa nguruwe. Mvua nazo zilikuwa zinaaga, na zikishaaga udongo wa Ufipa unakuwa jiwe. Matuta yasipopigwa leo, majani mabichi yanayofukiwa chini yake yataozea wapi? Na yasipooza, ulezi wa msimu ujao utakula nini? Mbolea ya dukani, tangu ipande bei, Kalista huitazama tu kama nguo ya harusi ya mtu mwingine.

Pombe haikuwa na shida. Iliyokuwa na shida ni jumuiya.

Jumuiya yao ile ya kusali nyumba kwa nyumba ndiyo hulimiana mashamba kila mwaka. Sasa wiki iliyopita, wakati wa kutoa nia za sala, Mzee Adolfu, mgambo wa zamani, alisimama akaomba wanajeshi wetu walioko Kongo washinde vita. Watu hawajaitikia, Dominika, wifi yake Kalista, akadakia: "Warudi nyumbani, Bwana! Washinde nini kwenye nyumba ya watu?"

Ee! Sala ikageuka mkutano wa hadhara. Adolfu akasema Wakongo walikuja huku wakikimbia vita, magodoro vichwani, tukawapokea, sasa wanauawa tukae tunatazama? Dominika akasema wanaopenda vita watangulize wa kwao. Nusu ya watu huku, nusu kule, rozari haikumalizika. Na katikati ya mkeka alikaa Kalista, ambaye mwanawe wa pekee, Basil, ndiye yuko huko Kongo na bunduki. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Basi walikuja shambani wote, Mungu awabariki, ila walikuja kama harusi mbili zilizogongana siku moja. Wa Adolfu walisimama juu, wa Dominika chini karibu na kijito. Majembe mabegani. Kila upande unangoja mwingine uondoke.

"Shikamoo, Mzee Adolfu. Mbona hamuanzi?"

"Marahaba, mama Basil. Mwambie wifi yako aondoke kwanza. Anamvunja moyo Basil."

Kalista akashuka kwa wifi yake.

"Mimi namvunja moyo?" Dominika aliwaka. "Mtoto wa kaka yangu, nimembeba mgongoni mimi! Huyo mzee anampenda akiwa na bunduki tu. Mwambie!"

Akapanda, akashuka, akapanda tena, mama wa watu, jua nalo linapanda. Mwishowe hakwenda kwa yeyote. Aliingia ndani akatoka na jembe la Basil, lenye mpini mrefu kwa sababu Basil ni mrefu, akaanza kulima katikati ya shamba peke yake. Alikata udongo na nyasi zake, akaugeuza nyasi zikalala chini, akarundika. Jembe lilimzidi. Tuta likaenda upande.

"Hii kazi ilikuwa ya Basil," alisema, wala hakupaza sauti. "Angekuwepo nisingewasumbua. Ninyi mnabishana ashinde au arudi. Mimi nimepungukiwa mtu wa kulima."

Adolfu alikohoa.

"Mama Basil, hilo si tuta. Hicho ni kichuguu."

"Hata kichuguu kina umbo," Dominika akasema kutoka chini, na kabla hawajakumbuka kwamba wamenuniana, walikuwa wamecheka wote wawili. Baada ya hapo huyu alilima akishuka, yule akipanda.

Walikuwa wamekaribia kukutana pikipiki ilipofika. Ni Philipo, mtendaji wa kata, kijana wa Mbeya, viatu vinang'aa.

"Mama Basil, twende mara moja ofisini. Kuna mkutano, wageni wametoka wilayani. Tunataka mama wa mwanajeshi asimame aseme anaunga mkono vita. Maneno machache tu."

"Na jina langu la mbolea ya ruzuku, mheshimiwa?"

"Mtandao unasumbua, mama."

"Tangu mwaka jana?"

"Unasumbua sana."

Watu waliangua kicheko. Adolfu hakucheka. Alisimika jembe chini akajifuta jasho.

"Mheshimiwa, mimi vita hii naiunga mkono mpaka kesho. Lakini huyu mama haondoki hapa. Udongo unakauka."

Dominika akamtazama kama anamwona leo.

"Sasa wageni nitawaambia nini?" Philipo aliuliza, na kwa kweli alitia huruma.

"Waambie nimeshika jembe la mwanangu," Kalista alisema. "Siku wakimrudisha alishike mwenyewe, nitakuja nihutubie mpaka wachoke."

Wakampa Philipo kikombe cha pombe, maana mgeni ni mgeni, akanywa haraka akaondoka.

Shamba liliisha. Walikaa kuzunguka ndoo moja, na kabla povu halijatulia Adolfu na Dominika walikuwa wameshaanza tena, Kongo hii, Kongo ile, huku wakipokezana kikombe. Kalista aliwaacha. Aliyapenda makelele yao. Nyumba yake ilikuwa kimya mno siku hizi.

Wakati wa kufunga, desturi ni sala na nia. Adolfu akasimama. Dominika akainua uso, tayari. Mzee aliangalia matuta yamejipanga mpaka kijitoni, na katikati yao kile kichuguu, ambacho hakuna aliyethubutu kukirekebisha.

"Tumwombee Basil," alisema. "Mvua zikirudi, aje ayafumue matuta haya apande ulezi yeye mwenyewe."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," waliitikia wote, Dominika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kalista alichelewa kuitikia. Alikuwa analia.