Kibali cha Kidevu

Asubuhi Mathilde alikoroga uji wa mahindi, akautia karanga zilizosagwa, akauchuja kwa kitambaa safi, kisha akampelekea mumewe pamoja na mrija. Floribert alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yao katika mtaa wa Shituru, karibu na kiwanda cha shaba, na koleo dogo la kukatia waya limening'inia shingoni mwake kwa kamba. Koleo hilo alipewa hospitalini. Meno yake ya juu yalikuwa yamefungwa kwa nyaya na meno ya chini, na daktari alikuwa amemwambia kwamba akijisikia kutapika asingoje mtu, akate mwenyewe. Majirani waliokuwa wakienda kazini walimwamkia, wakaliangalia koleo, wakapita.

Taya lilivunjwa na mnyororo. Yeye na rafiki yake Dodo walikuwa wakiinua mabamba ya shaba kiwandani, mnyororo ukakatika, mabamba yakamwangukia Dodo, na ncha ya mnyororo ikampiga Floribert chini ya sikio. Dodo alikufa palepale. Mnyororo huo ulikuwa umekwisha kukatika mara moja kabla ya siku ile, na msimamizi wao aliamuru ufungwe kwa waya ili kazi isisimame. Walioisikia amri hiyo walikuwa wawili, na mmoja sasa alikuwa kaburini.

Kiwanda kilitangaza kwamba marehemu alizubaa. Ndugu za marehemu walikataa. Walisema Dodo hakuwa mtu wa kuzubaa tangu utoto wake, basi lazima ameuawa na mkewe, Chérie. Kwa nini Chérie? Kwa sababu ndiye aliyempikia asubuhi ile. Ulimi hauna mfupa, na watu wenye msiba hawakosi wa kumnyooshea kidole.

Kulikuwa na njia ya kumwokoa, na kila mtu aliijua. Katika ukoo ule, siku ya kumaliza kilio, aliyekuwapo mtu akifa husimama mbele ya wote na kusimulia kwa kinywa chake kifo kilikotoka. Akishasema, mjane huoshwa kwa maji ya beseni, akabaki na nyumba yake na watoto wake. Asipopatikana wa kusema, mjane hufunga godoro lake akarudi kwao, na watoto wakabaki upande wa baba. Chérie alikuwa na mabinti wawili.

Floribert aliandika yote kwenye karatasi na kuipeleka kwa mzee Séraphin, baba mdogo wa Dodo, mkubwa wa ukoo. Séraphin alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akashukuru, akamrudishia.

"Karatasi haikukuwako siku Dodo alikufwa," alisema. "Weye njo ulikuwako. Tutangoja kinwa."

Hakuwa mtu mbaya. Aliahirisha kilio ili taya lipone, na watoto wakaendelea kulala kwa mama yao kwa muda.

Kilichoharibu mambo ni bukari. Wazee wa Floribert walitoka Kasai, na kwao mtu anaweza kunywa uji, supu na maziwa tangu asubuhi hadi jioni, lakini kama hajakula bukari, ule ugali wa unga mweupe unaotafunwa kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwa Tshangalele, basi huyo analala na njaa. Floribert alilala na njaa akiwa ameshiba. Alikonda kwa huzuni. Mathilde alimwonea huruma, akaenda sokoni kumnunulia pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba huumung'unya. Pemba haitafunwi, huyeyuka yenyewe, na hukaa tumboni kwa heshima kama chakula cha kweli. Kulikuwa na pengo nyuma ya gego la mwisho, na huko ndiko Mathilde alikopenyeza vipande, kimoja baada ya kingine. Wauzaji walikuwa wameuchimba upande wa Kamatanda, kwenye machimbo ya shaba. Midomo ya Floribert ilianza kuwa ya kijani, lakini hakuna aliyejali, kwa kuwa kila kitokacho Kamatanda kina ukijani wake.

Mfupa uliovunjika hauchagui. Hula unachopewa.

Siku ya kuondoa nyaya ilipofika, Daktari Rémy alizikata, akamwambia fungua. Kinywa hakikufunguka. Alimpiga picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama.

"Ça a consolidé, taya imeshikana," alisema. "Lakini haiko mufupa. Ni malachite, jiwe ya shaba."

Alilisema hilo kama mkunga anayesema mtoto ni wa kike. Alikwisha kuona mataya yaliyooza usaha, yaliyounga kombo, yaliyokataa kuunga kabisa, na midomo iliyobaki na ganzi maisha yote. Hili aliliweka katika fungu hilohilo. Jiwe lilikuwa limejaza pengo, likaota kuelekea sikioni, likakamata kiungo chenyewe cha taya. Lingekatwa kwa msumeno mdogo, Jumanne. Mathilde aliuliza kama ni pemba iliyofanya hivyo. Daktari alisema ni pemba, na akamwomba asimpe tena.

Kabla ya Jumanne alikuja bwana mmoja kutoka kiwandani, jina lake Guy, mwenye kofia ya plastiki na nyundo ya kupasulia mawe. Alisalimia vizuri, akakubali kiti, akakigonga kidevu cha Floribert mara kadhaa huku ametega sikio. Kisha alilowesha kidole, akasugua, akanusa.

"Papa Flori, félicitations, hongera," alisema. "Hii iko haute teneur, shaba mingi ndani."

Alieleza kwa upole. Ardhi ya juu ni ya mwenye nyumba, lakini kilicho chini ni cha Serikali, na Serikali ilikwisha kukipa kiwanda haki ya kila kilicho kijani toka vilimani hadi ziwani. Floribert alikaa katikati ya mipaka hiyo, na kidevu chake pia. Kibali kilikuwa kimetolewa: kuanzia mdomo wa chini hadi kwenye koromeo. Kina cha kwenda chini hakikutajwa. Guy alibandika kibandiko chekundu chini ya sikio la kushoto, akaomba radhi kwa ubaridi wa gundi.

Hospitalini waliarifiwa kwamba kulikata jiwe lile ni uchimbaji haramu. Daktari Rémy aliurudisha msumeno kabatini. Mwenye nguvu mpishe. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na gereza alikuwa akiliona kila siku akipita kwenda kazini.

Kiwanda kilimleta mlinzi, kijana mpole aitwaye Hénoc, ambaye alikuja na kigoda chake. Floribert akinywa uji, Hénoc alikaa kando. Floribert akienda misani, Hénoc alikaa benchi moja naye na kuimba sauti ya tatu. Floribert akinyoa ndevu, Hénoc aliyakusanya mapovu. Jumapili wachimbaji wadogo walipita kusalimia, wakiushika mkono wa Floribert kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi, macho yao kidevuni, mpaka Hénoc akohoe. Mathilde alimtandikia sebuleni. Alikuwa mgeni mwepesi, aliyesifia sombe.

Chérie naye alikuja kila jioni. Alikaa chini mkekani, akakitazama kidevu kama mtu anayengoja chungu kichemke.

"Yaya Flori, itafunguka?" aliuliza, akimwita kama kaka yake mkubwa.

Floribert aliitikia kwa kichwa. Hakujua kama alikuwa akisema kweli, na jambo hilo lilimuuma kuliko taya. Habari zilikuwa zimefika kwamba nguo za mabinti zilikwisha kuhamishiwa kwa Séraphin, na kwamba kilio hakiwezi kuachwa wazi mpaka mvua zirudi. Usiku ule alilishika koleo lake, akalikaza kwenye jiwe, akavuta. Lililovunjika ni koleo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mathilde alivaa kitenge chake cha ibada, akaenda kumwona Guy ofisini, akamwambia:

"Baba, mulichukua mugodi, muzuri. Sasa mugodi gani hii haifunguliwake? Jiwe mutalitoa namna gani, kinwa ikifungika?"

Guy alilifikiria. Ilikuwa hoja ya kitaalamu. Kiwanda kikakubali daktari akate, mradi kikague na kichukue kitakachotoka. Basi Daktari Rémy alikata, na Guy akamshikia beseni. Lilitoka jiwe kubwa kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu, zuri kweli, lenye mistari ya kijani iliyozungukana. Mahali pake daktari aliweka bamba la chuma na skrubu. Alisema ameacha mizizi ya jiwe ndani ya mfupa, kwa kuwa angeing'oa yote taya lingebaki mkononi mwake. Kinywa kilifunguka upana wa vidole viwili. Floribert aliagizwa asiseme neno mpaka kidonda kifunge, asile pemba tena kamwe. Alitii yote mawili. Neno la kwanza alikuwa amemwekea Chérie.

Siku ya kumaliza kilio, turubai lilitandazwa uani kwa Séraphin, sufuria za bukari zikawa motoni, na beseni la maji likawekwa kando ya kiti cha mjane. Guy alikuja kutoa rambirambi, akapewa kiti cha mbele. Séraphin alimwita Floribert. Floribert alisimama, na Hénoc akasimama nyuma yake.

"Minye Floribert," alisema. "Nilikuwako."

Jiwe dogo la kijani lilitoka mdomoni mwake, likaanguka mchangani. Mama mmoja alisogeza kiti chake lisimguse mguu.

"Munyololo ulishakatika mbele ya ile siku. Chef wa kazi alisema tufunge na waya. Tulimuambia, hii itakatika tena. Alisema, kazi isisimame."

Mawe yaliendelea kuanguka, moja kwa kila neno, yakitoa mlio mwembamba. Hénoc alipiga goti, akafungua mfuko wa turubai, akauweka chini ya kidevu. Sauti ya Floribert ilikuwa na mikwaruzo lakini ilifika hadi ua wa jirani, ambako watu waliacha kutwanga.

"Dodo hakuzubaa. Alinisukuma pembeni, njo maana minye niko muzima. Chérie hakufanya kintu."

Jina la Chérie lilitoka kubwa kama yai, ikambidi alisaidie kwa vidole. Halafu alikaa. Damu kidogo ilimtoka kwenye fizi, na Mathilde akampa leso. Séraphin alivua miwani, akayafuta macho yake bila kuona haya. Wanawake wawili walimshika Chérie mabegani, wakamwinua, mmoja akachota maji kwa kata.

Guy aliinua mkono, akaomba radhi kwa kukatiza.

"Nonko Séraphin, byote bile binatoka mu périmètre, mu mipaka yetu," alisema. "Ni minerai brute, mawe tu. Hayiyakuwa bado maneno. Ni lazima ipite kwanza mu usine, mu tanuru."

"Na kisha?" Séraphin aliuliza.

"Kisha inapanda train, inaenda inje. Sawa na bintu byote bya huku."

Séraphin alikuwa amezeeka kwenye tanuru za kiwanda kilekile. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona jiwe likiitwa shaba kabla ya kuyeyushwa, wala shaba ikirudi baada ya kuondoka. Aliwageukia ndugu zake, akawauliza kama wamesikia. Walijadiliana kwa uaminifu mkubwa. Kusikia walikuwa wamesikia, hakuna aliyekana. Lakini walichokisikia kilikuwa mali ya mtu, na kwenda nacho nyumbani kungekuwa wizi, nao walikuwa Wakristo. Mama mmoja alisema labda wangeazima. Guy alisema kwa masikitiko kwamba utaratibu huo haupo.

"Hatukusikia," alisema Séraphin, na alihuzunika kweli.

Maji yalirudishwa jikoni, yakaoshea sahani. Mabinti wawili walishikwa mikono, wakaingizwa ndani kwa bibi yao, na mdogo akalia. Wanawake walimsaidia Chérie kufunga godoro, wakalifunga vizuri, kwa mafundo yasiyofunguka njiani. Chakula kikapakuliwa.

Floribert alitafuna bukari kwa mara ya kwanza tangu ajali. Ilikuwa laini, yenye moto, tamu, na alilia huku akiila, kwa hasira na kwa utamu wote pamoja. Hénoc aliyakagua machozi, akaona ni maji tu, akayaacha.

Chérie alipita mbele yake na godoro kichwani. Floribert alisimama, akaacha sahani.

"Chérie," alisema. "Pole."

Jina lilidondoka mfukoni, kwa kuwa mfuko ulikuwa tayari. Lakini neno pole lilikuwa dogo kama punje ya haragwe, nalo Chérie alilidaka kwa mkono wake ulio huru. Lilikuwa bado na joto la kinywa. Alilifumbata.

Hénoc hakumkemea. Aliushika mfuko kwa mikono miwili, akautanua mbele yake kama wanavyofanya kanisani wakati wa sadaka.

"Samahani, mama," alisema, na akangoja mpaka Chérie alipokifungua kiganja.