Majina Chini ya Barabara

Saa mbili asubuhi Aurélie alisimika nondo yake kwenye barabara ya vumbi ya Kawajense, akabandika sikio kwenye ncha ya juu na kufumba macho. Ndiyo kazi yake: bomba likivuja ardhini, nondo humletea mlio, naye hujua pa kuchimba. Ofisi ya maji ilimpa mpaka saa kumi jioni. Asipopapata panapovuja, laini ya Kawajense ingefungwa, watu warudi mtoni.

"Unasikia nini, mwanangu?" aliuliza Mama Dina, msimamizi wa kioski cha maji, daftari kwapani.

"Generosa wa Patrick. Joséline. Mama Thacienne, ndoo mbili."

Yalikuwa maji yakiita. Kwa miaka tisa Mama Dina alikuwa akiita foleni kila asubuhi, mdomo karibu na koki, na maji yalikuwa yameyakariri majina. Yalipopotea njia hayakuacha kuita.

"Foleni ya leo hiyo?"

"Ya jana."

"Basi yamechelewa," alisema Mama Dina, akafungua daftari kuhakikisha.

Aurélie aling'oa nondo, akasogea hatua ishirini, akasikiliza tena. Sauti ilikuwa imekua. Akasogea tena, safari hii akikimbia. Wanawake wa foleni wakamfuata na ndoo tupu, wakipita mashine ya kusaga, vumbi likitimka.

"Nyie, acheni kukanyagakanyaga, sisikii!"

"Sikiliza upesi basi, tuna kiu!"

Kwenye ukuta wa Injinia Telesphor, mkuu wa ofisi ya maji, majina yalipaa mpaka nondo ikatetemeka mikononi mwa Aurélie. Alishika jembe. Shimo lilipofika kiunoni alilikuta bomba. Halikuwa limepasuka. Lilikuwa limeungwa tawi jipya, safi, likapitishwa chini ya ukuta.

Injinia alitoka na kandambili, kijiti mdomoni.

"Shikamoo, injinia."

"Marahaba. Hilo ni la bwawa la samaki. Mwanzoni lilitusumbua, linaita watu tangu alfajiri. Siku hizi mke wangu anawaitikia."

Ng'ambo ya ukuta maji yaliita, "Generosa wa Patrick!" Sauti ya kivivu ikajibu, "Nipo!" Maji yakamwagika bwawani.

Generosa, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa shimo, alitua ndoo yake chini.

"Nani yupo? Mimi ndiye Generosa! Nipo hapa, barabarani!"

Maji yalisita. Yakageuka ndani ya bomba, yakapanda kupitia kwenye kiungo, yakajaza ndoo yake mpaka pomoni, kisha yakasubiri jina linalofuata. Vigelegele vikalipuka. Ndoo zikagongana.

"Foleni! Nyie, foleni!" alifoka Mama Dina, kalamu tayari mkononi.

Saa sita ndoo zote zilikuwa zimejaa, na perege wa injinia walikuwa wamelala ubavu kwenye tope. Injinia alipiga simu moja. Saa nane shimo lilifukiwa, tawi likiwa palepale. Saa kumi laini ya Kawajense ilifungwa mbele ya tawi hilo, maji yasifike tena kioskini, na taarifa ikaandikwa kwamba panapovuja hapakupatikana.

Tangu hapo wanawake hujipanga ukutani kila asubuhi. Mke wa injinia naye hajaacha kuitikia. Anayewahi kusema "nipo" ndiye anayepata, na aliye barabarani huyachota yanapobubujika kwenye udongo.

Ijumaa ya wiki hiyo Aurélie aliitwa ofisini. Mezani palikuwa na barua ya kuomba radhi kwa kuchimba barabara bila kibali na kuwasumbua samaki. Ilibaki sahihi yake tu, ili mkataba wake uendelee.

"Sema tu ulikosea mahali," alisema Injinia Telesphor kwa upole.

"Nilichimba palepale."

"Aurélie, omba radhi yaishe, turudi kazini."

Aliirudisha kalamu mezani.

"Siombi."