Kiti Nilichoshikiwa

Kiti kile nilikikalia mimi. Naanza na hilo kwa sababu katika saa tatu za mkutano wa kata ndilo jambo pekee ambalo hakuna aliyetaka kulisikia, na mimi nimechoka kubembeleza watu wazima wanisikilize.

Mwaka ule wa themanini na nne, basi la Arusha lilipita Babati mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kama dizeli ilipatikana na kama tairi hazikuwa zimekwisha. Lilitoka Singida likiwa limejaa nusu, na sisi wa Babati tuligombea mabaki. Foleni ilikuwapo, tena ya heshima kabisa. Watu walifika stendi alfajiri, wakapanga mawe na makapu yao kwenye mstari, wakasalimiana, wakaulizana habari za mahindi. Lakini kila mtu alijua kwamba foleni ile ilikuwa ya kupotezea muda, maana viti vilikuwa vinachukuliwa kule karibu na ziwa, kabla basi halijaonekana mjini.

Waliovichukua walikuwa vijana wetu, watoto waliomaliza darasa la saba wakakosa sekondari, wakabaki wanazunguka. Basi lilipopunguza mwendo kwa ajili ya mashimo, walidandia, wakaingia kwa madirisha, wakatandika vitenge na kofia za watu juu ya viti. Wewe ukifika mlangoni unaonyesha kitenge chako, unakaa. Malipo yalikuwa kipande cha sabuni, au chumvi, au kikombe cha sukari kama umebahatika kuiona sukari. Tulisema tu, "Nimeshikiwa kiti," kama mtu anavyosema amepikiwa chai. Teodori, katibu kata wetu, alishikiwa. Alawi mwenye duka alishikiwa viwili, kimoja chake na kimoja cha mizigo. Wazee wa kanisa walishikiwa. Na mimi, Genoveva, mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Maisaka, nilishikiwa kila likizo.

Jumatano moja nilipata habari kwamba mama yangu, aliyepasuliwa macho Arusha, angeruhusiwa kutoka hospitali Ijumaa. Alikuwa peke yake, amefungwa bandeji machoni. Nikamtafuta Romanus. Nilikuwa nimemfundisha miaka miwili. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mpole, na hesabu zilimshinda kabisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Romanus, kesho naenda Arusha kumchukua mama hospitali. Nataka kiti, tena kile cha nyuma ya dereva."

"Kile kinagombewa sana, Mwalimu."

"Wanaokigombea ndio waliokufundisha kusoma? Asikae mtu pale. Umenisikia? Asikae mtu yeyote."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikampa kitenge changu cha bluu na robo ya mche wa sabuni, nikaenda zangu nyumbani kufunga mizigo. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Ukimwuliza mtu yeyote Babati nani alimpiga Mzee Marseli, atakwambia ni Romanus na wenzake wawili. Ni kweli, nilikuwapo. Mzee Marseli ni mkulima wa Mutuka, mtu wa miaka sitini na kitu, na siku ile alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa ameshakosa basi mara mbili. Safari hii aliingia kwa mlango, bila kumsukuma mtu, akakuta kitenge changu juu ya kiti. Akakiokota, akakikunja vizuri mara nne, akakiweka mapajani, akakaa.

"Mzee, kiti kina mwenyewe," Romanus akamwambia.

"Mwenyewe ni nani? Mimi nipo hapa toka saa kumi usiku."

"Toka tu, mzee."

"Sitoki."

Romanus akamshika koti. Mzee akainua fimbo, akampiga begani. Basi hapo ikawa fujo. Romanus akampiga ngumi ya uso, wale wawili wakamrukia, wakamburuta hadi mlangoni, na mmoja akampiga teke la mgongo. Mzee akaanguka kutoka ngazi ya juu, akaangukia mkono. Mimi nilikuwa chini, hatua mbili kutoka pale alipoangukia, na mlio wa mfupa ule niliusikia.

Romanus akarudi ndani. Akakiokota kitenge changu, akakikung'uta vumbi, akakitandika upya. Kisha akanitazama kupitia dirishani.

"Karibu, Mwalimu."

Nikapanda, nikakaa.

Nisitafutiwe udhuru wa haraka, maana haraka haikuwapo. Kondakta alikuwa bado anafunga mizigo juu ya basi, na yalipita kama dakika kumi kabla hatujaondoka. Nilikuwa na dakika kumi za kushuka. Nilizitumia kutazama kisogo cha dereva. Nyuma yangu watu walikuwa wanalalamika, kila mmoja kwenye kiti alichoshikiwa: vijana wa siku hizi hawana adabu, serikali iko wapi, wazazi wao wako wapi. Mzee Marseli alikuwa amekaa vumbini amekumbatia mkono wake, na watu wawili wa foleni walikuwa wanamsaidia kusimama. Basi likaondoka. Ijumaa nikamchukua mama yangu hospitali, na Jumamosi tukarudi na basi lilelile.

Jumanne Teodori akaitisha mkutano. Chumba cha ofisi ya kata kilijaa, wengine wakasimama madirishani. Mimi niliwekwa mezani na daftari, kama kawaida. Katika mji huu ukiwa mwalimu, basi kila kikao ni chako kuandika muhtasari, uwe wa maji, wa mbegu au wa harusi. Vijana watatu walikalishwa sakafuni mbele. Mzee Marseli alipewa kiti. Mkono wake ulikuwa umefungwa vibao viwili kwa vipande vya shuka, kwa sababu zahanati haikuwa na plasta.

Wakaanza kusema. Mmoja alitaka viboko ishirini hadharani, stendi palepale. Mwingine akasema tatizo ni kwamba vijana wameacha kanisa. Alawi akasema zamani mtoto aliogopa hata kivuli cha mzee, akataka askari asimame stendi kila basi linapokuja. Mwingine akasimama kuunga mkono, akarudia yaleyale, akakaa. Niliandika yote. Mkono uliniuma kwa kuandika maneno ambayo wasemaji wenyewe hawakuyaamini.

Mektilda, mama yake Romanus, anayetuuzia maziwa hapo mjini, akasimama bila kuruhusiwa.

"Nauliza jambo moja tu. Kuna mtu humu ndani hajawahi kumtuma mwanangu?"

"Mama Romanus, ngoja zamu yako," Teodori akasema.

Zamu yake haikufika. Teodori akakohoa, akatoa barua ya wilayani. Tulikuwa katika ile operesheni ya Nguvu Kazi, ambapo mtu asiye na kazi ya kueleweka aliitwa mzururaji na kupelekwa mashambani. Lori lilikuwa linapita Jumamosi kukusanya watu wa kupeleka kwenye mkonge, mbali kabisa, upande wa Tanga. Ilitakiwa kata ipeleke muhtasari wenye majina ya wahusika, na saini ya katibu.

"Naona tumeelewana," akasema. "Mwalimu, andika majina matatu."

Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa na hasira zaidi kuliko woga.

"Ndugu Katibu, majina hayajatimia. Kiti kile kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyemtuma Romanus, nikampa sabuni, nikamwambia asikae mtu yeyote. Yeyote, nilisema hivyo. Mzee akaondolewa, mimi nikakaa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakamfuata.

"Mwalimu ana huruma ya mama," Teodori akasema. "Tunaielewa. Ni wanafunzi wake."

"Siyo huruma. Natoa ushahidi."

"Lakini wewe ulisema kiti," Alawi akaingilia. "Hukusema mtu apigwe."

"Na wewe ulidhani mtu anaondolewaje kwenye kiti, baba Shani? Anaimbiwa? Viti vyako viwili vya Jumatatu vinaachwa wazi kwa sababu watu wanakupenda?"

Hapo hawakucheka. Wakapiga kelele wote kwa pamoja, kila mmoja akinieleza kwamba yeye hakuwahi kutuma mtu apigwe. Nilitamani kuwachapa kwa rula.

"Ngojeni," Mzee Marseli akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. "Mwalimu, kitenge cha bluu kilikuwa chako?"

"Changu, Mzee."

"Nilikikunja."

"Nilikuona ukikikunja."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mwandikeni na yeye. Na huyu baba wa duka, naye mwandikeni. Mimi nilikuwa wa kwanza. Watu wote waliniona ni wa kwanza. Hawa watoto mkiwapeleka Tanga, Alhamisi nitakuja tena saa kumi usiku, na kiti sitapata."

Nikaona hapa ndipo pa kushika. Nikasema haraka, kabla hawajaanza tena. Nikasema vijana watatu wakapalilie shamba la Mzee Marseli msimu mzima, maana mkono wake haufanyi kazi na magugu yanamaliza mahindi. Sisi wote tulioshikiwa viti tugawane zamu, watu wazima wawili kila siku ya basi wakasimame kule ziwani, wasiruhusu mtu kuingia kwa dirisha. Anayepanda, apande kwa foleni. Katibu kata naye akae kwenye foleni.

"Palizi nakubali," Mzee Marseli akasema. "Huyo mrefu ana nguvu. Nimezionja mwenyewe."

Romanus aliinamisha kichwa, akalia. Mama yake naye akalia. Mimi nikaandika pendekezo, na chini yake majina manne, la kwanza Genoveva. Nikampelekea Teodori daftari.

Akasoma. Akasoma tena. Kisha akasema kwa upole, ule upole unaonikera kuliko matusi, "Mwalimu, wilayani hawakuomba mapendekezo. Na jina la mtumishi wa serikali siwezi kulipeleka. Andika upya."

"Siandiki."

"Mwalimu."

"Siandiki, Ndugu Katibu. Andika wewe."

Teodori hakuwa mtu wa kalamu, na kila mtu alilijua hilo. Barua zake zote za miaka mitano nilikuwa nimeandika mimi. Bila muhtasari lori lisingechukua mtu. Nilikaa nimekunja mikono, na kwa muda kama wa robo saa nilijiona nimeshinda. Nililifurahia jambo lile, siwezi kuficha. Watu walianza kuchungulia jua, mmoja akasema ng'ombe wake hawajanywa maji, na nikafikiri sasa watakubali palizi, kwa uchovu tu kama si kwa haki.

Alawi akamnong'oneza Teodori. Kisha akatoa kichwa dirishani, akaita.

Binti yake Shani alikuwa nje anangoja ufunguo wa duka. Alikuwa darasa la saba, darasa langu. Akaingia, akaamkia watu wote kwa adabu, "Shikamooni," na wale wazee waliokuwa wanalia kwamba watoto hawana heshima wakaitikia kwa furaha, "Marahaba, marahaba." Wakaliweka kando daftari langu, wakampa karatasi mpya.

"Kaa hapo, mama," Alawi akamwambia. "Andika anayokwambia Katibu."

"Shani, usiandike," nikasema.

Msichana akanitazama. Akamtazama baba yake, akamtazama Teodori, kisha akanitazama mimi tena. Nilijua anachokitafuta. Alikuwa anatafuta mkubwa mmoja amwambie wengine wamekosea. Alawi akasema, "Andika," naye akashika kalamu.

Teodori akaimba maneno yake: kikao cha kata, wazururaji watatu, wamempiga mzee bila sababu, kikao kimeazimia kwa kauli moja. Bila sababu. Kwa kauli moja. Mzee Marseli alisema, "Mimi sijasema hivyo," na hakuna aliyegeuka. Mektilda alikuwa ameshatoka nje. Nilisimama karibu na meza nikiangalia mkono ule mdogo unavyokwenda, herufi zimelala upande mmoja, mstari wa pembeni umepigwa kwa rula. Ndivyo nilivyowafundisha.

Alipomaliza hakumpa Teodori. Aliniletea mimi, kwa mikono miwili, kama anavyoleta daftari lake kila siku.

"Mwalimu, nimekosea popote?"

Nilisoma kutoka juu hadi chini, pamoja na yale majina matatu. Nilitafuta kosa. Nilitaka sana kulipata, hata nukta moja iliyosahauliwa, nikamwambie arudie, jua lizame, lori lipite. Halikuwapo.

"Hapana," nikamwambia. "Hujakosea."

Akatabasamu, akampelekea Katibu asaini.