Shiromani ya Rahmati

Rahmati alipomweleza mpango wake, Zainaba alimwambia wazi kuwa ni upuuzi.

"Dada, mwenye donge la titi ni wewe, halafu nikapimwe mimi kwa jina lako? Una akili kweli?"

"Akili ninayo. Muda ndio sina."

Na kweli hakuwa nao. Harusi ya binti yake Kamilia ilikuwa imekaribia, na maneno yalishamfikia Anziza, mama wa bwana harusi, kwamba mama wa bi harusi anaumwa kifuani. Harusi ingeahirishwa. Na mwaka ule, kisiwa cha Nzwani kimejitenga na serikali ya Moroni, vyombo vya baharini vimezuiwa, simu zimekatwa, jambo likiahirishwa nani ajuaye litarudi lini? Rahmati alitaka neno moja tu la muuguzi la kumpelekea Anziza: mzima. Ya kwake angeyashughulikia baadaye.

Muuguzi mwenyewe, Naïma, alikuwa mgeni kutoka Moroni, ameruhusiwa kuvuka na kifaa chake cha kupima matiti, akapewa chumba katika hospitali ya Hombo, Mutsamudu. Wanawake walimwendea na liwa ya msandali usoni, wamejifunika shiromani, lile vazi jekundu na jeupe linalomeza mtu mzima. Kujivua mbele ya mgeni, hata awe mwanamke, ilikuwa aibu, basi Naïma aliwapima kwa kupitisha mkono wenye kifaa chini ya nguo. Hapo ndipo Rahmati alipoona pa kupenya.

Zainaba akajifunika shiromani ya dada yake, akalala chali, akaitikia jina lisilo lake. Kifaa kilienea kiganjani kama kipande cha sabuni. Kilipogusa pagumu, doa jekundu lilitokea kwenye kioo chake. Kulia, hakuna kitu. Kushoto, karibu na kwapa, mkono wa Naïma ukasimama. Ukarudi. Ukarudi tena.

"Rahmati, kuna kitu hapa," alisema taratibu. "Kifaa hiki hakijui kama ni saratani, kinajua ugumu tu. Lazima ukapimwe Moroni. Kesho narudi, na nimeruhusiwa mgonjwa mmoja. Nitakuchukua wewe."

Lahaula! Alikwenda kumtafutia dada yake uzima, akapewa ugonjwa wake mwenyewe. Zainaba aliogopa. Njia nzima alijiambia hatasema lake. Nafasi atampa dada. Lakini Rahmati ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na uso ule aliujua.

"Wamekukuta na nini?"

"Nafasi ni yako, dada. Lako nimelishika kwa mkono wangu, kubwa kama—"

"Langu sikukuuliza."

Zainaba akaangua kilio. Rahmati akamfokea kama alivyomfokea utotoni: "Nyamaza! Wanao bado wadogo, mimi wangu anaolewa. Utakwenda wewe."

"Twende wote tukamwambie muuguzi ukweli!"

"Tukimwambia atanipima, ataona langu ni kubwa, atanichukua mimi."

"Ndivyo ninavyotaka!"

"Mimi sitaki."

Asubuhi bandarini askari aliita, "Rahmati!" Zainaba hakusogea. Aliita tena. Nyuma yake dada yake akamsukuma mgongoni kwa nguvu, na miguu ikaenda yenyewe.

Moroni walimkata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipeleka kupimwa. Alingoja kwa jamaa wa Naïma, karibu na soko la Volo Volo, akisikia wachuuzi wakinadi vitambaa vya harusi, na kila rangi aliona ingempendeza Kamilia. Usingizi haukumjia. Alimwomba Mungu wazi, bila haya: donge langu ndilo liwe baya, la dada lisiwe kitu.

Siku majibu yalipotoka, Naïma aliingia anacheka, akamkumbatia.

"Alhamdulillahi, Rahmati! Ni uvimbe wa kawaida, hauna ubaya. Wewe ni mzima!"

Lilikuwa neno lilelile alilolitaka dada yake. Zainaba akaivua shiromani, akaikunja, akaiweka mikononi mwa muuguzi.

"Mimi ni Zainaba. Rahmati yuko Mutsamudu, na lake ni kubwa. Nakuomba, rudi na kifaa chako."

Naïma alikaa chini. Akamweleza polepole kwamba chombo kilichowaleta ndicho kilichokuwa cha mwisho kuruhusiwa kuvuka kati ya visiwa.