Behewa Hakuwa Akideka

Kefa, mwanangu wa mwisho, alikuwa dereva wa wageni waliokuwa wakitafiti madini huku Sekenke. Bosi wake alipofunga virago kurudi kwao aliacha mbwa wawili, na Kefa akaniletea wote nichague mmoja. Wa kwanza alikuwa jibwa lenye masikio yaliyosimama, mbwa wa kueleweka. Wa pili alikuwa mrefu kwa kwenda nyuma tu. Miguu mifupi kama ya kigoda, tumbo karibu lifagie vumbi.

"Huyu walimkata wapi miguu?" nikauliza.

"Ndivyo alivyo, mama. Kwao wanaingia mashimoni kukamata wanyama."

Nikamchagua huyo. Niseme ukweli, nilimchagua kwa sababu alinichekesha, na tangu nistaafu unesi hakuna aliyekuwa akinichekesha. Nikamwita Behewa.

Kefa akanipa masharti. Asiruke. Asipande ngazi. Asinenepe, mgongo wake hauwezi. Akibebwa ni kwa mikono miwili, mmoja kifuani, mwingine matakoni, kama kichanga.

"Mbwa ana masharti kuliko mjamzito," nikamwambia. Miaka thelathini na moja nimezalisha wanawake, nani wa kunifundisha kubeba?

Behewa alikuwa mchapakazi. Ndani ya wiki mbili aliwamaliza panya waliokuwa wakila alizeti yangu stoo. Alichimba mpaka ukabaki mkia tu nje. Utii hakuwa nao. Ukimwita anakutazama kwanza, anapima kama una hoja. Tulipatana kwa sababu hiyo. Nami nikamlisha ugali, utumbo wa kuku, maziwa, mafuta ya nyama. Watu waliopita walisema amenawiri, nikavimba kichwa, maana kwetu kiumbe kikinenepa anayesifiwa ni mwenyewe. Masharti ya Kefa niliyaweka pale ninapoweka maneno yote ya watoto wangu.

Nyumba yangu iko mteremkoni, na kufika barazani kuna ngazi nne za mawe. Kwa miezi minane Behewa alizipanda na kuzishuka kutwa nzima.

Jumanne moja asubuhi alifika kwenye ngazi akasimama. Akaweka mguu wa mbele juu ya jiwe la kwanza, akaurudisha, akalia. Mgongo alikuwa ameukunja. Nilikuwa pale uani na jirani yangu Scholastika, aliyekuja kunisaidia kupepeta mtama.

"Acha kudeka, panda," nikamwambia mbwa.

Hilo ndilo neno langu. Wanawake wote waliozalia kwangu zahanati wanalijua. Nilikuwa nalisema bila hata kugeuza uso.

Scholastika akatua ungo. "Nesi, mbona huyo hadeki?"

"Unamjua kuliko mimi?"

"Simjui. Kilio ndicho ninachokijua." Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.

Nikapandwa na hasira. Nikamnyanyua Behewa kwa mkono mmoja, nusu yake ya nyuma ikining'inia. Akapiga ukelele. Nikamrudisha chini, nikaingia ndani na kufunga mlango. Akichoka kudeka atapanda mwenyewe, nikasema. Scholastika alishaondoka, na jua lilishakuwa kali, niliposikia kucha za Behewa kwenye mawe, kisha kishindo kidogo. Nilipotoka nilimkuta chini ya ngazi anajikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikiburuzwa kama kamba. Hakulia. Alinitazama tu.

Bwana mifugo wa kata alifika jioni kwa pikipiki. "Mimi, mama, ni mtu wa ng'ombe na kuku," alisema, lakini alimpapasa kwa adabu. Akambana vidole vya nyuma kwa nguvu. Behewa hakugeuka hata kidogo. Akamchoma sindano, nami nikamsimulia ya asubuhi pale kwenye ngazi. "Pale alipokataa kupanda ndipo aliposema anaumwa. Angelazwa wakati ule ule akatulia, huenda angepona."

"Mimi ni nesi," nikasema. Sijui hata kwa nini nilisema hivyo.

"Basi unanielewa."

Nilimwelewa. Nilimwelewa na Scholastika pia. Alikuja kwangu miaka ishirini na miwili iliyopita, mimba yake ya kwanza, akalia tangu alfajiri kwamba kuna kitu kimebadilika tumboni. Nikamwambia aache kudeka. Nilipokwenda kumpima muda ulikuwa umepita, na mtoto alitoka kimya. Nikaandika kwenye rejista, nikanawa mikono, nikamwendea mwingine. Baadaye akaolewa jirani na kwangu. Kila siku ananiamkia, na jambo lile sikuwahi kuligusa.

Sasa ni wiki ya sita. Miguu ya Behewa haijarudi, na bwana mifugo ameacha kusema "huenda". Namwosha, namgeuza, chakula nampimia. Asubuhi nambeba kwa mikono miwili mpaka juani. Wapo wanaocheka kwamba nesi analea mbwa kilema, na wacheke. Kinachoniumiza ni kwamba bado ananifurahia. Mkia hautikisiki tena, lakini akiniona masikio yanainuka. Afadhali angening'ata.

Jumapili nilimbeba mpaka kwa Scholastika. Alikuwa nje anaanika mboga.

"Shikamoo, Nesi."

Sikuitikia marahaba. Kabla ya hapo sikuwahi kuacha kuitikia salamu ya mtu maisha yangu yote.

"Leo usiniamkie," nikasema. "Nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile hukuwa unadeka."

Alimalizia kuanika fungu la mboga lililokuwa mkononi. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akampokea Behewa, mkono mmoja kifuani, mwingine matakoni, bila kuelekezwa na mtu.

"Alikuwa wa kike," akasema. "Hukunipa hata nimshike."