Shimo Alilolisiriba Bertha

Tangu kisima cha nyumbani kwake kikauke, Bertha hakuweza kukipita bila kuinama na kuchungulia, kama mtu anayeangalia iwapo mgonjwa ameamka. Chini kulikuwa na matope yaliyopasukapasuka, basi. Binti yake Paskalina alivumilia kusomba maji ya mbali kwa baiskeli, mwisho akachoka. Akachukua watoto, akaenda Igawa kuuza mchele kando ya barabara kuu.

"Mama, kisima kikirudi, nami nitarudi," alisema akipanda gari. Bertha alilibeba neno hilo kama kaa la moto aliloomba kwa jirani, lisije likamzimikia njiani.

Ndiyo maana Fanueli, kijana wa mambo ya maji kutoka Iringa mjini, alipofika kijijini kwao Idodi na kusema kwamba ardhi inaweza kunyweshwa mafuriko ya korongoni, yakaibukia visimani, Bertha alikuwa wa kwanza kushika jembe. Walichimba shimo pana kwenye njia ya mafuriko, juu kidogo ya kisima chake. Fanueli akaenda kufuata lori la mawe na kokoto za kujaza humo.

"Nisubirini," aliwaambia.

Lakini kwa kina Bertha, ukuta mbichi haulali uchi. Mgeni akija atasema nini? Bertha akaleta udongo wa kichuguu, akaukanda na mavi ya ng'ombe, akalisiriba shimo lile chini na pembeni, akalisugua kwa jiwe la mtoni mpaka likalainika kama tumbo la chungu. Ukingoni akachora mawimbi kwa vidole, yale yale aliyokuwa akimchorea Paskalina kwenye ukuta wa chumba chake.

Mvua ikalitangulia lori. Shimo likajaa, likatulia. Bertha akapiga simu Igawa.

"Maji yamekaa, mwanangu! Ungeyaona!"

"Na kisimani, mama?"

"Kisimani bado. Yanakuja."

Hayakuja. Yalikaa pale pale, yakaota ukijani, vyura wakahamia. Fanueli aliporudi na kokoto zake, jirani yao Aroni alimpokea kwa vicheko.

"Kamwene, mtaalamu! Mama Paskalina ametupikia sufuria la vyura!"

Fanueli aliingiza mkono, akapapasa ule ulaini. "Nani amesiriba?"

"Mimi, mwanangu," alisema Bertha. "Nilitaka yasipotee."

"Bibi, haya inabidi yapotee. Ukiyazuia hapa juu, kule chini yatafikaje?"

"Na yakishazama nitajuaje kama yapo?"

"Hutajua. Utangoja."

Kungoja! Bertha alikuwa amengoja kuliko mtu yeyote kijijini. Hata hivyo alivua kandambili, akaingia majini na jembe, asikubali kusaidiwa. Alianza na yale mawimbi aliyoyachora ukingoni, kisha akavunja chini. Udongo ukafyonza kwa mguno, kama ng'ombe mwenye kiu. Kesho yake shimo lilikuwa tupu na kisima kilikuwa kitupu vilevile, na hapo ndipo alipolia.

Wakapanga mawe, juu yake kokoto, juu kabisa mchanga. Kila mvua iliyobaki ilifika pale ikazama, bila hata kuaga.

Ukaja mwezi wa saba, korongo likawa vumbi. Bertha akainama kisimani kama kawaida yake, akaona kilemba chake mwenyewe kikimtazama kutoka chini, kikitetemeka.

Simu ilichelewa kupokelewa.

"Kimerudi, Paskalina."

Honi ya lori ilipita upande wa pili. "Kweli, mama?" Kisha sauti ikashuka. "Watoto wameshazoea shule ya huku. Na kibanda changu sasa kina wateja... Tutakuja Krismasi, mama."

"Mje, mwanangu."

"Umekasirika?"

"Nikasirike nini? Sikiliza."

Aliongeza sauti ya simu, akailaza ukingoni, akashusha ndoo. Kamba ikateleza viganjani, ndefu, halafu ndoo ikapiga maji: *chubwi!* Ikalala ubavu, ikanywa, ikazama. Akaivuta, ikapanda ikidondoka.

Kisha Paskalina akasema, kwa sauti ya mtu aliyegeukia ukuta ili wateja wasimwone, "Rudia, mama."

Bertha akaimimina ndoo yote kisimani, akaishusha tena, taratibu, ili kamba ichelewe kwisha.